Noma Ipi Hiyo?

Fundi gari akifungua boneti, akachungulia, akajifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta mengi kuliko injini yenyewe, halafu akasema "Noma", mwenye gari hana haja ya kuuliza zaidi. Hela imekwenda. Lakini fundi huyo huyo, jioni, gari la mteja mwingine likitoka kupigwa rangi linang'aa, husimama akalitazama na kusema "Noma". Sauti ile ile, uso ule ule, kitambaa kile kile. Mimi niliyekalia tairi bovu nikisubiri hesabu yangu natakiwa nitambue mwenyewe kwamba noma ya asubuhi ilikuwa pole na noma ya jioni ni hongera.

Nina ugomvi na neno hili, na naomba nieleweke. Simo katika wale wazee wanaokunja uso kila kijana akifungua mdomo. Nimekulia Dar es Salaam, mji tulioupa wenyewe jina la Bongo kwa kuwa asiyetumia bongo hapa hali. Usafiri wetu nao ulipata jina hivyo hivyo: dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano, shilingi tano ikawa nauli, utingo akaning'inia mlangoni akipiga kelele, na leo waziri anasimama bungeni anatamka "daladala" bila kupepesa jicho. Maneno ya mtaani nayaheshimu yakifanya kazi. Buku ni shilingi elfu moja, jero ni mia tano. Ukimwambia muuza maji "nipe ya jero", hakuna anayebaki anajiuliza. Atakupa maji, atakwambia chenji hana, mmemalizana.

Noma haimalizani na mtu. Anayeisema anaitupa hapo mezani na kwenda zake, na wewe uliyesikia ndiye unayeanza kazi: kupima sauti, kuangalia nyusi, kukumbuka jana mliachana vipi. Kwa nini mshahara wa kufikiri alipwe mwenye kusema na kazi niifanye mimi?

Maana yake ya kwanza sina tatizo nayo. "Usipite kichochoro kile saa hizi, noma." Hiyo ni hatari, basi, unazungukia njia ya msikitini. Ya pili ni mtoto wa hiyo ya kwanza: fulani na fulani wana noma, yaani hawasalimiani, na ukiwaalika kwenye shughuli moja kaa karibu na mlango. Kuna pia kuzua noma, kazi ambayo kila ukoo una mtu wake wa kudumu. Wa kwetu simtaji, maana safu hii anaisoma, na akijiona humu atazua nyingine.

Kasheshe inaanzia kwenye "hamna noma". Kamusi ya mtaani itakwambia maana yake ni hakuna tatizo. Uongo mtupu. Mtu akikuomba hela, ukamjibu kwa unyenyekevu kwamba mwezi huu umebanwa, naye akasema "Hamna noma, kaka", jua kwamba noma ipo, imeandikwa na kupigwa mhuri, na utasomewa siku utakapofiwa ukaona turubai lako halina watu. Hamna noma ya kweli haisemwi. Mtu ambaye kweli hana tatizo anabadilisha mazungumzo, anakuuliza Simba wamecheza vipi.

Halafu ikaja noma ya sifa, ndiyo iliyoniharibia mpangilio wote. Wimbo noma. Viatu noma. Pilau ya shangazi noma, na shangazi wa watu, mwanamke aliyesoma Kiswahili chake mbele ya ubao, akaacha kula siku ile akidhani amewapa watu homa ya tumbo. Mpwa wangu ndiye aliyetamka, na alipoona uso wa shangazi umebadilika akaona amsaidie kwa kuongeza: "Yaani hii pilau ni balaa!"

Hapo ndipo nilipotulia nikaligeuza jambo kichwani, kwa sababu kumbe si noma peke yake. Angalia tunavyosifiana mjini hapa. Mchezaji akifunga mabao, ni hatari. Binti akipendeza, ni balaa. Mwanamuziki ni mkali. Mfanyabiashara ni kiboko, yaani mjeledi. Mwanafunzi anayeongoza darasa wenzake wanasema "yule ni shida". Jumba la ghorofa lenye marumaru mpaka bandani kwa mbwa linaitwa nyumba ya kufuru. Mgeni akikaa kwenye kijiwe cha kahawa akasikiliza nusu saa bila kujua mambo, ataondoka akiamini nchi imevamiwa.

Nina dhana yangu juu ya hili, na mwenye bora zaidi ajitokeze. Wazee wetu wa pwani walikuwa waoga wa jicho. Mtoto mzuri hasifiwi hivi hivi, utasema mashaallah kwanza, au utamsifu kwa kumsema vibaya kidogo, husuda ipite pembeni isimtambue. Vijana wa leo wanajifanya hawaamini jicho. Lakini sikiliza wanavyosifiana: hakuna anayethubutu kusema kitu ni kizuri. Wanakitukana kwa mapenzi. Tabia ya bibi zao wamebaki nayo, mashaallah ndiyo wameiacha njiani.

Sawa, nikasema, nitazoea. Nitaangalia mazingira. Kwenye sherehe noma ni sifa, kwenye msiba noma ni pole. Kanuni nyepesi hiyo, na ilinifaa mpaka nilipoingizwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, mahali ambapo sherehe na msiba vinapita mlango mmoja. Asubuhi moja ikaletwa taarifa kwamba babu fulani wa Korogwe amelazwa, hali si nzuri. Chini yake, kabla hata hatujapanga nani aende, binamu mmoja akaweka picha ya mtoto wake amevaa joho, amehitimu. Chini ya vyote viwili mpwa wangu akaandika neno moja: "Nomaaa."

Simu yangu ikaanza kuita. Upande wa mgonjwa wanauliza huyu kijana anachekelea nini. Upande wa mhitimu wanauliza huyu kijana ana kijicho gani. Nikampigia mwenyewe. "Shikamoo mjomba," akaanza, kwa adabu zote. Nikamuuliza ile noma aliyoandika inaelekea wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, kama mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha basi: "Mjomba, hesabu a. Ikiwa na a moja ni mbaya. Zikiwa nyingi ni nzuri." Nikamuuliza, na mtu akiwa na majonzi makubwa sana, akaandika a nyingi kwa uchungu? Akasema huyo ataweka na kikatuni kinacholia. Nikakata simu. Elimu yangu yote ya irabu, kumbe nilisomea kuhesabu a.

Lakini noma inayonitia hasira kuliko zote ni ile inayoonwa. Kuona noma. Wenzangu wa umri wangu watakumbuka tulikuwa na neno haya, na lilikuwa neno zito. Mtu mwenye haya alijizuia. Hakukopa asichoweza kulipa, hakuingia kwa watu saa ya kula, hakujibu wakubwa. Haya ilikuja kabla ya tendo. Noma inakuja baada. Mtu anafanya kwanza, kwa raha zake, halafu ndipo anaiona.

Ninaye jirani niliyemkopesha hela ya kodi ya pango. Alikuja usiku, anatetemeka, mwenye nyumba amemwekea kufuli. Nikatoa. Tangu siku ile, kila tukikutana getini, hushika kifua na kuinamisha kichwa: "Mzee wangu, yaani hata naona noma." Anasema kwa uchungu wa kweli, mpaka mimi ndiye ninayembembeleza. "Usijali, jirani." "Hapana mzee, noma kinoma." Ameshanilipa noma za kutosha kujenga ukuta. Shilingi hata moja bado. Na mimi nami, ndiyo nakiri, nikitaka kumkumbusha naona noma, kwa hiyo tunasimama pale getini watu wazima wawili, kila mmoja anaona yake, hela haionwi na yeyote. Juzi kanunua televisheni ukubwa wa mlango. Alipoiteremsha kwenye bajaji macho yetu yakakutana. Akasema, "Noma, mzee." Mpaka leo sijui alikuwa anaomba radhi au anaringa.

Mmesikia hiyo "kinoma" iliyopita hapo? Msidhani imeniponyoka. Hiyo ni noma iliyovishwa ki- ikawa kielezi, sawasawa na kitoto na kiutu uzima, kwa hiyo hata kuwasuta vijana kwa sarufi siwezi, wameifuata. Ila ndani yake hamna tena hatari, hamna aibu, hamna sifa. Umebaki uzito mtupu. Nimechoka kinoma. Nina njaa kinoma. Nampenda kinoma. Ikizidi inakuwa kinomanoma, hapo ukae chini kabisa. Mpwa wangu alipotaka nimdhamini mkopo wa pikipiki alifungua hotuba kwa kusema, "Mjomba, mimi nakuheshimu kinoma." Heshima ya kiwango cha hatari! Nikahisi pochi yangu inajikunja yenyewe mfukoni.

Nimejaribu kutafuta msaada kwa wasomi. Wapo waliohangaika na maneno haya kabla yangu, na ajabu ni kwamba wengi wametoka mbali. Rajmund Ohly, Mpolandi, alichapisha kamusi ndogo ya mfukoni ya maneno ya mitaani ya Kiswahili mwaka 1987. Mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, watafiti kutoka Ujerumani, wakatoa kazi nzima kuhusu lugha ya mitaani ya Tanzania, na ndani yake wakaweka orodha ya maneno na misemo 1,100. Elfu moja na mia moja! Nawapa heshima zangu, kinoma. Nawawazia tu pale kijiweni na daftari lao: Mjerumani, mtu aliyezoea kila kitu kiwe na kisanduku chake, anamuuliza kondakta maana ya neno, kondakta anamjibu, "Inategemea."

Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na kazi yake ni kuiweka lugha sawa. Sitawatwisha mzigo huu. Mtunga kamusi hufurahi akipata neno lenye maana mbili, akaziwekea namba moja na mbili akaenda kunywa chai. Ukimpa noma ataanza na hatari, aende kwenye ugomvi, aibu, ubora, wingi, na akifika kwenye hesabu ya zile a atafunga ofisi.

Wenzetu wa Nairobi wanayo pia, na wanaitumia kwa pande zote kama sisi, kwa hiyo huko sikupata hifadhi. Tena wao walituongezea mkanganyiko mwingine. Hapa kwetu noma ina ndugu yake wa kimya anayeitwa soo. Kuona soo ni kuona aibu, na soo lenyewe ni lile janga la kukuchafulia jina. Sasa alikuja mgeni kazini kwetu kutoka Nairobi, kijana mtanashati, siku ya kwanza tu akamwinamia mhasibu wetu, mama wa kanisani, akamwambia kwa upole: "Mama, nina soo mbili tu." Mama wa watu akaweka kalamu chini, akasogeza kiti karibu, akamshika mkono. "Mwanangu, anza na ile kubwa." Kule Nairobi soo ni shilingi mia. Kijana alikuwa anauliza atapata chakula cha mchana kwa shilingi mia mbili za kwao. Akaondoka ameombewa.

Nikadhani angalau nikivuka bahari neno litaniacha. Wapi! Huko Copenhagen, Denmark, mwaka 2003 ulifunguliwa mgahawa, wenyewe wakauita Noma. Wamechukua maneno yao mawili, nordisk na mad, yaani chakula cha nchi za kaskazini, wakakata vichwa vya maneno wakaunganisha. Na ukafanya vizuri: mwaka 2010 ulitajwa kuwa mgahawa bora kuliko yote duniani, na ukarudia mara kadhaa miaka iliyofuata. Mpishi wake, René Redzepi, alipata sifa kwa kuokota vyakula porini, majani, kuvu za miti, na amewahi kuwatengea wateja sisimizi. Watu walikuwa wanagombania nafasi miezi mingi kabla, ili wakae mezani Noma wale sisimizi.

Nilimsomea mke wangu habari hiyo kwa sauti, nikitarajia ashtuke. Yeye kwao Bukoba, senene ni heshima, hufungwa vizuri akapelekewa mkwe. Sisimizi hawakumshtua hata kidogo. Alichouliza ni bei ya sahani moja. Nilipomtajia akasonya. "Kumbe jina hawakukosea," akasema, akarudi kuchambua mchele. Mpwa wangu naye aliposikia alibaki na swali moja, na sijaweza kulijibu: hao Wadenmark wamejisifu mlangoni au wametoa onyo?

Ipo moja nilitaka kuiruka, lakini nikiiruka wajumbe wa kamati watanikamata. "Kama noma na iwe noma." Huo si msemo, ni kiberiti. Nimekaa kwenye kamati za harusi za kutosha kujua kwamba mpaka saa mbili usiku bajeti inakuwa ya watu wenye akili. Ukumbi wa kawaida, keki ya kawaida, mshereheshaji ni binamu. Halafu soda za pili zinaletwa, mtu mmoja, kwa kawaida yule ambaye hajalipa mchango wake, anagonga meza: "Jamani, huyu ni mtoto wetu, kama noma na iwe noma!" Basi. Ukumbi unakuwa wenye viyoyozi, keki inapanda ghorofa, inaingia tarumbeta na gari la wazi. Wiki moja kabla ya harusi mweka hazina anasimama na karatasi, anaangalia chini, anatamka neno lile lile, na safari hii hakuna anayeuliza ipi.

Nisingeyasema yote haya kama yangebaki kwenye nyumba za watu. Mwezi uliopita neno limeingia sebuleni kwangu, siku ya mahari ya binti yangu. Upande wao walikuja na mshenga, mzee mwenye kanzu na maneno ya kupimwa, na wajomba wawili. Kijana mwenyewe aliletwa akae tu, aonekane, asiseme. Hiyo ndiyo maana ya mshenga. Upande wetu msemaji mkuu alikuwa dada yangu, shangazi wa binti, yule yule wa pilau, na ndiye aliyeshika daftari.

Mambo yalikwenda vizuri. Ng'ombe walijadiliwa wakageuzwa fedha, blanketi la babu likageuzwa fedha, mkaja wa mama ukajadiliwa kwa heshima yake. Mwisho dada yangu akasoma jumla, polepole, tarakimu moja moja. Sebule ikatulia. Na katika ule utulivu, kijana, macho yametoka, mdomo ukamponyoka.

"Noma."

Mshenga akafumba macho. Upande wangu wakageukiana. Mdogo wangu akasema kijana amekataa, ametutukana hadharani, mkutano ufungwe. Mpwa wangu akadakia kutoka mlangoni kwamba hapana, hiyo ni sifa, kijana ameona binti anathaminiwa. Mjomba mmoja wa upande wao akasema alichomaanisha ni kwamba anaona aibu kidogo, ana adabu, kalelewa. Wa pili akasema labda ni "hamna noma" imekatika kwa woga. Mimi, baba wa binti, mwenye nyumba, nilijikuta namtazama kijana machoni nikijaribu kusikia ilikuwa na a ngapi.

Mshenga akakohoa, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo, akaomba jumla isomwe upya kwa kuwa huenda ipo nafasi ya kuzungumza. Lakini dada yangu alikwisha kuandika "amekubali", akapigia mstari na tarehe, na kwenye daftari la dada yangu hakifutwi kitu.